Baiskeli ya binti anayeanza chuo Moshi: mtumba wa Kijapani, ya gia, au Phoenix?

MamaWaSakina (mtoa mada)

Heshima kwenu wakuu.

Binti yangu amepata chuo pale KCMC, anaripoti mwezi wa kumi. Vyumba vya Longuo, pale jirani kabisa na chuo, bei zake zimetushinda. Shangazi yake anakaa Pasua, kasema mtoto aje akae kwake, ale kwake, kazi yake iwe kusoma tu. Nikamshukuru Mungu. Halafu nikakaa kupiga hesabu ya nauli: Pasua hadi mjini gari moja, mjini hadi KCMC gari lingine, kurudi vilevile, siku sita za wiki. Bado bodaboda za siku atakazochelewa, maana mwanangu namjua kwa usingizi.

Baba yake kasema mnunulie baiskeli. Yeye kakulia Singida, kila tatizo la usafiri kwake dawa ni baiskeli.

Bajeti ni laki mbili na nusu, tukijikamua sana laki tatu, na humohumo itoke hela ya kufuli. Nimezunguka hapa Arusha nikaonyeshwa aina tatu. Moja ni mtumba wa Kijapani, ina kapu mbele na fremu ya kike, inang'aa kweli. Ya pili ni ya gia, nyekundu, matairi mapana yenye meno, ina shokapu mbele, madigadi haina. Ya tatu ni Phoenix mpya, zile baiskeli ngumu za kizamani zisizo na gia, bado imefungwa makaratasi. Kila muuzaji anasifia ya kwake na kuponda ya jirani. Binti anataka ile nyekundu, nikimuuliza kwa nini anasema "mama si unaiona?"

Ana urefu wa kawaida, na baiskeli mara ya mwisho kaendesha akiwa darasa la saba. Mimi mwenyewe hata tairi linavyopimwa sijui. Naombeni mawazo.

Kijiwe_Soweto

Mnunulie pikipiki mama. Uzi tayari.

MtuWaRau

Picha hamna?

FundiSpoku

Habari yako mama. Mimi ni fundi baiskeli hapahapa Moshi, mwaka wa 15 huu nashika spana, kwa hiyo nitaandika kirefu, unisamehe.

Weka kwanza baiskeli zote tatu pembeni. Tuangalie njia. Mji wa Moshi umeegemea mlima. Pasua iko chini kusini, KCMC iko juu kaskazini. Mtu wa daladala hawezi kujua, lakini mguu unajua: asubuhi ni kupanda mwanzo mwisho. Siyo kilima cha kumtoa mtu roho kama barabara ya Mweka, ni mpando wa polepole usioisha. Jioni ndiyo kinyume chake, utashuka karibu njia nzima bila kugusa pedali. Kwa hiyo asubuhi binti anahitaji gia na jioni anahitaji breki. Baiskeli yoyote isiyo na hivyo viwili usimpe, hata ukipewa bure.

Gia. Watu wanauliza "ina gia ngapi?" Swali hilo halina faida, ya gia 21 mtu anatumia nne au tano. Wewe hesabu meno ya sproketi, yale magurudumu ya meno yanayovuta mnyororo. Phoenix za kawaida zina sproketi moja mbele na moja nyuma. Ukikuta mbele meno 44 na nyuma 18, ina maana pedali ikizunguka mara moja gurudumu linazunguka karibu mara mbili na nusu, na kwa ringi 28 hapo umesogea zaidi ya mita 5. Tambarare ni raha tupu. Kwenye mpando, hizo mita 5 unazinyanyua kwa goti. Ya gia ukiiweka kwenye sproketi ndogo ya mbele yenye meno 28 na kubwa ya nyuma yenye meno 28, mzunguko mmoja ni mita 2 tu. Utaenda kama kinyonga lakini utafika unaongea.

Mtumba wa Kijapani uko katikati, ila uangalie vizuri. Ziko ambazo hazina gia kabisa, na ziko zenye gia 3 ndani ya habu ya nyuma, yaani kile kitovu cha gurudumu spoku zinapoanzia. Utaitambua kwa habu nene, na kwenye usukani mkono wa kulia kuna kitu cha kuzungusha chenye 1, 2, 3. Gia namba 1 inapunguza ugumu kwa zaidi ya robo. Uzuri wake, matope hayaifikii, na unabadilisha hata ukiwa umesimama. Mtu ambaye hajaendesha tangu darasa la saba atakushukuru kwa hilo, maana gia za nje ukisimama ghafla kwenye gia nzito, kuondoka tena ni kuyumba mbele ya magari.

Tairi. Hapa ndipo watu wanalia, naomba msome taratibu. Ukisikia "ringi 26" usidhani ni kitu kimoja. 26 ya baiskeli ya gia inaandikwa 26 x 1.95 au 26 x 2.0, na ubavuni utaona pia namba kama 50-559. 26 ya Kijapani inaandikwa 26 x 1 3/8, na namba yake ni 37-590. Hiyo namba ya mwisho, 559 au 590, ndiyo kipenyo cha pale tairi linapokaa kwenye ringi, kwa milimita. Tofauti ni milimita 31. Tairi la moja haliingii kwenye nyingine hata umlete Samsoni. Tyubu unaweza kulazimisha, tairi hapana.

Halafu kuna Kijapani ya 27 x 1 3/8. Hiyo ni 609, saizi ya kwao hukohuko Japani. Mwaka jana kijana mmoja wa chuo aliniletea ya hivyo, tairi limepasuka ubavuni. Tulizunguka mji mzima. Mwisho nikalishona kwa uzi wa viatu, nikaweka kipande cha tairi kuukuu kwa ndani, akawa anaendesha kama mtu mwenye jiwe kwenye kiatu. Ringi 28 ya Phoenix yenyewe ni 635 na tairi lake lipo kila mahali mpaka vijijini, hilo siwezi kuinyima sifa. La 559 linapatikana pia bila shida. La 590 unalipata mjini ukiuliza. Kwa hiyo kabla ya kulipa, soma ubavuni mwa tairi, piga simu kwa fundi wa huko mtoto anakokwenda, mtajie namba. Akisita, acha.

Breki. Chukua sumaku, hata ya spika ya redio mbovu. Igusishe kwenye ringi. Ikinata, ni ringi ya chuma. Isiponata, ni aluminiamu. Breki za raba kwenye ringi ya chuma zikinyeshewa zinateleza kama sabuni, na masika ya Moshi mnayajua. Za aluminiamu zikilowa zinapungua nguvu kidogo lakini zinashika. Kijapani nyingi breki ya nyuma iko ndani ya kikombe pembeni ya habu, mvua haiisumbui sana, ila zile za mkanda zikizeeka zinalia mpaka mtaa mzima unajua umerudi.

Kwa ile nyekundu yenye shokapu: kwa bajeti hiyo shokapu ni uzito tu, na ukipanda umesimama inakubonyea, nguvu yako inaishia kwenye springi. Kama ni ya gia, tafuta yenye foku ya kawaida, ile panda ya mbele inayoshika gurudumu, isiyo na springi.

MzeePhoenix

Fundi unaniharibia jina. Nimetoka TPC, kule kwenye mashamba ya miwa, hadi mjini na Phoenix miaka 20, nikiwa na gunia nyuma na mtoto mbele. Hakuna cha gia wala cha nini. Watoto wa siku hizi mmewadekeza. Phoenix hata ikianguka korongoni unainyoosha kwa jiwe unaendelea.

FundiSpoku

Mzee wangu shikamoo. Sikatai. Lakini TPC hadi mjini ni mpando wa polepole sana, na wewe miguu yako ilishazoea tangu ujana. Huyu ni binti anayetakiwa kuingia darasani saa moja na nusu akiwa na akili zake. Na breki za Phoenix za vyuma, umri wote huo wewe ulikuwa unasimamisha kwa kandambili, kubali yaishe.

MzeePhoenix

Marahaba. Kandambili nilikuwa nabadilisha kila mwezi, hilo kweli 😂

DadaWaMwakaWaTatu

Mama, mimi ni mwanafunzi hapo KCMC, natumia baiskeli mwaka wa pili huu. Fundi kaongea ya chuma, niongeze ya binti.

Nguo. Kuna siku za suruali na siku za sketi, na kuna koti jeupe ambalo ukilitia grisi ya mnyororo umekwisha. Kwa hiyo fremu ya kushuka chini na kifuniko cha mnyororo siyo urembo. Ya gia huwa haina kifuniko, utafunga suruali kwa raba kila asubuhi. Madigadi ni lazima, lasivyo mvua ikinyesha mgongo wote unakuwa na mstari wa matope kama ngiri. Begi liwekwe kwenye keria au kapu, usilibebe mgongoni, kwa sababu ya jasho. Mimi huwa natoka na kanga ya kujifutia na fulana ya ziada, nafika dakika 20 kabla, nabadilisha, maisha yanaendelea.

Taa. Saa kumi na mbili na nusu jioni giza linaanza, na kuna siku mtatoka maabara saa moja. Kijapani nyingi zina dinamo, inayowasha taa gurudumu likizunguka, muuzaji akuinulie gurudumu la mbele alizungushe uone kama taa inawaka. Nyuma weka taa nyekundu hata ya kuchaji, siyo kiakisi peke yake.

Njia. Asipite barabara kuu ya Arusha na Himo zaidi ya inavyobidi. Malori ya pale hayana rafiki. Aingie ndani, apite mitaa ya Shanty Town yenye miti, pole pole. Wiki ya kwanza apite Jumapili na mtu anayejua njia.

Kufuli. Zile Kijapani zina kufuli la duara kwenye gurudumu la nyuma, ufunguo mara nyingi ulishapotea huko baharini. Hata ukiwepo, kufuli hilo linazuia gurudumu lisizunguke tu, mtu anaibeba begani anaondoka. Anunue mnyororo mnene na kufuli la maana, aupitishe kwenye fremu NA gurudumu la nyuma, afunge kwenye chuma kilichochimbiwa chini. Mwenzangu alifunga gurudumu la mbele pekee. Alikuta gurudumu, fremu imekwenda zake. Na kile kiti cha kufungua kwa mkono bila spana, badilisheni muweke nati. Viti vinaibwa kuliko baiskeli.

La mwisho mama, msifute kabisa hela ya nauli. Aprili kuna siku mvua inamwagika kama imefunguliwa bomba. Siku hizo mimi napanda gari kama watu wengine, baiskeli inalala ndani.

Kijiwe_Soweto

Dada umemaliza. Mambo ya ngiri yameniua.

MtuWaRau

Nikazie suala la wizi kwa upande wa kununua. Mtumba usinunue kwa mtu wa kusimama njiani eti "ina haraka, nauguza". Nunua dukani au kwa mtu anayejulikana, upewe risiti yenye namba ya fremu. Namba hiyo imegongwa chini, pale pedali zinapoungana, au kwenye bomba la kiti. Ukiona imesuguliwa kwa tupa, ondoka kimyakimya. Ukinunua kwa mtu binafsi, muandikishiane kwa mwenyekiti wa mtaa. Mimi niliona kero, mpaka siku niliposimamishwa na polisi jamii nikatoa karatasi.

Na ile stika yenye maandishi ya Kijapani kwenye fremu isiwatishe. Kule kwao kila baiskeli husajiliwa ili ikiibwa ijulikane ni ya nani. Wengine wanaibandua wakidhani ni tangazo.

MamaWaSakina

Jamani mmenisomesha kuliko nilivyotegemea. Fundi, nikifika dukani niangalie nini kwa macho yangu haya ya kupika?

FundiSpoku

Macho ya kupika yanatosha, mama. Inua gurudumu, lizungushe, angalia ringi linavyopita katikati ya raba za breki. Likicheza kulia kushoto kidogo, ni spoku za kukaza, siyo kesi. Likipanda na kushuka kama yai, ringi limepigwa, achana nalo.

Bana breki ya mbele, sukuma baiskeli mbele na nyuma. Ukisikia "ko ko" kwenye shingo ya usukani, gololi zimelegea au zimekwisha. Shika mikono ya pedali, ivute kushoto na kulia. Ikicheza, kuna hela ya kutoka hapo. Vuta mnyororo kwa mbele ya sproketi kubwa: ukinyanyuka mpaka ukaona nusu ya jino, umechoka, na sproketi huenda zimechoka nao.

Angalia fremu nyuma ya shingo, pale mabomba yanapokutana. Rangi iliyopasuka kama ufa wa sufuria siyo rangi, ni chuma. Usinunue kwa bei yoyote.

Jaribu kushusha na kupandisha kiti. Wauzaji wanasahau kwamba bomba la kiti likiota kutu ndani halitoki tena. Binti akikaa, aweke kisigino kwenye pedali iliyo chini kabisa: mguu uwe umenyooka. Akiendesha kwa shina la kidole gumba cha mguu, goti litakunjika kidogo, na hapo ndipo mahali pake. Watu wa kwetu tunapenda kiti kiwe chini ili miguu iguse ardhi, halafu tunalalamika magoti.

Matairi ya mtumba yamekaa miaka, bonyeza ubavu uone kama yana nyufa nyufa kama kisigino cha kiangazi. Kama yanazo, kata bei ya matairi mawili.

MamaWaSakina

Mrejesho kama nilivyoahidi.

Nilikwenda na sumaku. Wauzaji wamenicheka mpaka nikacheka na mimi. Ile nyekundu sumaku ilinata ikang'ang'ania, na gurudumu la nyuma lilikuwa yai kabisa. Binti kanuna, nikamwambia kaiendeshe mpaka Sanawari urudi. Kapanda kidogo tu kashuka, kasema "mama inadunda." Yakaisha.

Ya Kijapani tuliyoiona mwanzo ilikuwa 27, fundi nikakukumbuka. Duka la tatu tukapata nyingine, ya bluu iliyopauka, 26 x 1 3/8, gia 3 ndani, ringi za aluminiamu, madigadi, kapu, kifuniko cha mnyororo, dinamo inawaka. Breki ya nyuma inalia kama mbuzi. Walianza laki mbili na themanini, nikaonyesha nyufa za matairi, tukamalizana laki mbili na kumi na tano na risiti yenye namba. Kufuli na mnyororo elfu thelathini. Nikampigia fundi kwanza nikamtajia 590, kasema lete.

Imepakiwa kwenye Coaster jana, konda kataka nauli yake kama abiria. Sawa tu.

FundiSpoku

Imefika, nimeiona. Mama umechagua vizuri, fremu haina tatizo. Nimefanya haya: matairi mapya mawili, raba za breki ya mbele, waya za breki zote, na ule mkanda wa breki unaolia nimeusafisha, mlio umepungua, haujaisha.

Kikubwa nimebadilisha sproketi ya nyuma. Ilikuwa na meno 14, nimefunga ya meno 18, na mnyororo nimeuongeza pingili. Mbele ina 32. Sasa gia ya 1 mzunguko mmoja ni chini ya mita 3, awali ilikuwa karibu mita 3 na nusu. Akishuka hatakimbia sana, na kushuka hakuhitaji kukimbizwa.

Binti kaijaribu mwenyewe hadi karibu na mnara wa saa na kurudi. Mara ya kwanza kapanda na gia ya 3, kafika anahema. Nikamwonyesha abadilishe huku amelegeza pedali kidogo, asilazimishe. Mara ya pili kaenda anaimba.

DadaWaMwakaWaTatu

Mwambie anitafute akifika chuoni, kuna nguzo nzuri ya kufungia karibu na ninapofunga yangu. Tukifunga mbili pamoja ni kazi zaidi kwa mwizi.

MamaWaSakina

Asante mwanangu, nimemwambia. Fundi, deni langu shilingi ngapi, na airudishe lini uiangalie?

FundiSpoku

Deni nimemtumia shangazi kwenye simu. Airudishe baada ya wiki mbili, nikaze spoku na waya za breki, waya mpya zinavutika. Na kapu lisibebe zaidi ya begi na chupa ya maji, likizidi usukani unavuta upande. Shangazi ameshaniuliza kama linaweza kubeba debe la mahindi kwenda mashineni.

MamaWaSakina

Nampigia sasa hivi.